Kibao cha "Hairuhusiwi kugawana chakula" kiondolewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye hoteli wa Kampala. Nina ombi moja: ondoeni vile vibao vya "Hairuhusiwi kugawana chakula", na mahali pake mtuandalie meza ambayo watu wanne wanaweza kuketi wakala pamoja.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Mnubi wa Bombo. Nina wenzangu watatu tuliosoma nao chuo kimoja cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa wachache tuliochukua Kiswahili, na kila tulikopita tuliulizwa kama tunataka kuingia jeshini, kwa sababu Uganda ya wakati ule watu wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari. Mmoja ni wa Mbale, mmoja wa Bushenyi, mmoja wa Namungoona hapa Kampala. Kila mmoja ana lugha ya mama yake, lakini tukikutana sisi wanne ni Kiswahili mpaka tunaagana.

Mwaka huu tulikubaliana kuweka shilingi 10,000 kila mmoja kila mwezi, tukae siku moja tule vizuri. Baada ya miezi saba tukawa na 280,000. Mwenzetu wa Namungoona ndiye aliyesema twende tukale Kigiriki. Yeye ni Mworthodoksi, na huko kwao mambo ya Ugiriki si ya mbali kama wengi wanavyodhani. Kanisa lao hapa Uganda halikuletwa na mmishonari yeyote. Lilianzishwa mwaka 1929 na Muganda, Reuben Mukasa Spartas, ambaye hata jina lake linakumbusha mji wa Sparta, na mwaka 1946 likapokelewa rasmi na Upatriaki wa Kigiriki wa Aleksandria. Mwenzetu amekulia kwenye kivuli cha kanisa kuu la Mtakatifu Nikolao pale Namungoona. Majina ya vyakula vya Kigiriki anayajua tangu utoto kwa sababu ya kufunga Kwaresima, ingawa kuvila vyenyewe hotelini alikuwa hajawahi.

Basi Jumamosi moja jioni tukapanda teksi mpaka mjini, kisha bodaboda hadi mgahawa wenyewe. Tukaketi nje, chini ya mwembe. Tukaanza kusoma menyu kama tulivyozoea, kila mtu na yake, kila mtu akitafuta sahani atakayoimudu. Mhudumu, kijana wa Masaka kwa jinsi alivyojieleza, akatuacha kidogo, kisha akarudi.

"Bannyabo," akatuita kwa heshima ya Kiganda, "hapa mtu haagizi chake. Meza ndiyo inayoagiza."

Mhariri, nimekuja nalo hilo neno hadi Bombo na bado silisahau. Meza ndiyo inayoagiza.

Vyakula vya namna hiyo, vya kuagizwa na meza nzima, Wagiriki huviita meze. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Meza yetu hii ya mbao tuliipata kwa Wareno. Meze ya Wagiriki ilitoka Uajemi, kwa neno la ladha na kuonja, ikapitia kwa Waturuki mpaka ikafika kwao. Hazina undugu wowote. Halafu sisi tuna kumeza, kitenzi chetu wenyewe. Maneno matatu ya asili tatu, yote yamekutana mahali pamoja, kwenye ubao wa chakula. Mwenzangu wa Mbale aliyaandika papo hapo kwenye daftari lake akawafundishe wanafunzi wake.

Meze si chakula kikuu na wala si vitafunio vya kupoza njaa mpaka chakula chenyewe kije. Ni visahani vidogo vingi vinavyowekwa katikati. Vya baridi hutangulia, vya moto hufuata polepole, na hakuna "sahani ya nani hii?" Kila mtu anapewa kisahani chake kitupu, na kila bakuli lina kijiko chake cha kupakulia. Unachota kidogo, unaonja, unamsogezea mwenzako. Sisi tuliagiza vitu tisa. Nyama hatukuagiza, kwa sababu mimi ni Mwislamu na sikutaka kuwatia wenzangu katika maswali ya machinjo, na nawaambia hatukuikosa.

Kwanza kililetwa kitu cheupe chenye tango na kitunguu saumu. Ni mtindi mzito uliochujwa maji, tango limekunwa na kukamuliwa, juu yake mafuta ya zeituni. Wanaiita tzatziki. Aliyezoea bongo ya hapa kwetu, yaani maziwa ya mgando, ataielewa mara moja, ila yao ni nzito hadi kijiko kinasimama. Kisha kikaja cha pili, cha rangi ya waridi hafifu, laini kama kimepigwa kwa mkono saa nzima. Ni mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, yakapondwa pamoja na mkate uliolowekwa, limau na mafuta. Mwenzetu wa Bushenyi alionja kwa ncha ya mkate, akanyamaza. Akaonja tena. Akasema, "Hii ni eshabwe ya samaki." Kwa wasomaji wa nje ya Uganda: eshabwe ni mchuzi wa Wanyankole unaotengenezwa kwa samli na maji, ukakorogwa mpaka ukawa mweupe na mwororo. Huliwa baridi, na haukosekani penye harusi. Alikuwa na haki. Viungo havifanani hata kimoja, lakini mkono ni uleule wa mama anayekoroga bila haraka.

Tangu hapo kila bakuli likawa linatukumbusha nyumbani. Ilipoletwa fava, ambayo ni njegere za manjano zilizokobolewa, zikachemshwa na kupondwa, zikamiminiwa mafuta na vitunguu, yeye huyohuyo akacheka: firinda! Maharage yaliyomenywa ganda moja moja na kupondwa kwa samli, chakula anachompikia mgeni anayempenda kwa sababu kumenya tu kunakula asubuhi nzima. Ilipokuja biringanya iliyochomwa motoni hadi ganda likawa jeusi, ikapondwa na limau, ikiwa bado na harufu ya moshi, wa Mbale alikumbuka malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yanayokaushwa kwa moshi kabla ya kupikwa na karanga. Na yule wa Namungoona alipofungua jani la mzabibu lililofungwa wali, mnanaa na limau, hakuhitaji kusema kitu. Sote tulisema pamoja: luwombo. Ndogo, ya kidole, ya baridi, lakini ni luwombo. Muganda hufunga kuku na mchuzi wa karanga katika jani la mgomba, Mgiriki hufunga wali katika jani la mzabibu, na kila mmoja anatumia jani lililo karibu na mlango wake.

Pweza ndiye aliyetusimamisha. Sisi ni watu wa bara. Mimi nimekula sato na mukene, yaani dagaa wa ziwani, maisha yangu yote, pweza nilimjua vitabuni. Aliletwa mkono mmoja tu, umechomwa kwenye makaa, umekatwa vipande, na limau pembeni. Mwenzetu Mworthodoksi akatueleza kwamba huko Ugiriki humwanika juani kwenye kamba kabla ya kumchoma, na kwamba katika Kwaresima yao, ambamo nyama, maziwa, mayai na samaki vyote vimekatazwa, pweza na ngisi huruhusiwa kwa kuwa huhesabiwa kuwa havina damu. Siku ya kwanza ya mfungo huo huitwa Jumatatu Safi, na Wagiriki hula mkate bapa usiotiwa hamira, wenye ufuta juu, pamoja na hiyo "eshabwe ya samaki", kwani mayai ya samaki nayo huruhusiwa. Alieleza taratibu, kama mtu anayetufungulia mlango wa nyumba yake. Miaka thelathini tumejuana na sikuwahi kumuuliza anafunga vipi. Yeye anajua Ramadhani yangu yote, hata siku ninazolipa.

Kulikuwa na jibini la kukaanga pia, na saladi ya nyanya yenye kipande cha feta juu, jibini la maziwa ya kondoo na mbuzi ambalo tangu mwaka 2002 sheria ya Ulaya imelitambua kuwa jina lake ni la Ugiriki peke yake. Meza ya jirani walikuwa na pombe yao ya ouzo, ambayo ikitiwa maji inageuka kuwa nyeupe kama maziwa. Sisi tulikunywa maji ya limau.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.

Mwenzetu wa Bushenyi alifiwa na mumewe mwaka 2021. Watoto wameshaondoka, mmoja yuko Mbarara, mmoja ng'ambo. Jioni ile, katikati ya mazungumzo, alikuwa ameshika mkate, akautazama, akasema kwamba tangu mazishi hajala chakula ambacho mkono wa mtu mwingine umekigusa pamoja na wake. Anapika, anapakua, anakula, anaosha sahani moja. Akienda hotelini analetewa sahani moja. Akienda kwenye sherehe anapanga foleni, anapakuliwa sahani moja. Alisema bila kulia, kama anataja hesabu. Wa Mbale akamega jani la mzabibu vipande viwili, akamwekea nusu.

Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nimeufundisha msemo huo darasani miaka mingi na sasa nasita kuufundisha. Mwaka 2016 nilipofanyiwa upasuaji nikalala wodini wiki tatu, aliyekuwa analala chini kwenye mkeka kando ya kitanda changu hakuwa mzaliwa nami. Walikuwa hawa watatu, kwa zamu, mmoja akisafiri kutoka Mbale na chupa ya uji. Hao ni wala nami.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kibao. Miaka miwili iliyopita sisi wanne tuliingia katika hoteli moja mjini Kampala inayosifika kwa vyakula vya kienyeji. Tuliagiza luwombo mbili na kuomba sahani nne. Mwenye kaunta hakutujibu kwa mdomo, alituonyesha ukuta kwa kidole. Hairuhusiwi kugawana chakula. Kila mtu anunue sahani yake. Wa Namungoona ana vidonda vya tumbo, anakula kidogo kama ndege, lakini alilazimika kulipia mlima mzima: matoke, wali, posho (ndiyo ugali), viazi, mhogo, boga, vyote vimerundikwa juu ya sahani moja, na mchuzi pembeni. Aliacha zaidi ya nusu. Tulikula tumeinamisha vichwa, kila mtu akipambana na mlima wake, tukalipa, tukatoka. Sikumbuki tulizungumza nini siku ile. Chakula kilikuwa cha kwetu, kimepikwa vizuri kabisa, na bado sikumbuki kitu.

Mgahawa wa chakula cha kigeni ukanifundisha kula kama nilivyolelewa. Hilo liliniuma, Mhariri.

Kwetu Bombo, sinia ndiyo ilikuwa shule yangu ya kwanza. Ijumaa baada ya swala wanaume walikaa kwenye sinia yao na sisi kwenye yetu, kisra, mkate wetu mwembamba, imekunjwa kama vitambaa, mboga na mchuzi katikati. Mtoto alifundishwa kula kilicho mbele yake, asivuke mkono kwenda upande wa mwenzake. Nyama haikuguswa mpaka bibi aigawe mwishoni, na bibi alijua nani alikuwa mgonjwa wiki hiyo, nani ameudhiwa, nani ni mgeni. Alikuwa anasoma nyuso zetu kwa njia ya sinia. Mtoto aliyekosa hamu ya kula alionekana mara moja. Kwenye sahani ya peke yake nani angemwona?

Corona ndiyo iliyovunja mengi. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Miezi hiyo yote tulijifunza kukaa mbali, kila mtu na kikombe chake, kila mtu na kijiko chake. Ilikuwa lazima, sibishi. Kisha Ebola ikaja Mubende mwaka 2022, tukaambiwa tena tusishikane mikono, nayo ilikuwa lazima. Lakini hatari ilipopita, sinia hazikurudi zote. Nyumba nyingi ninazozijua Bombo bado wanapakua kila mtu yake, na watoto waliozaliwa wakati ule hawajui tofauti.

Ndiyo maana nimevutiwa na namna ya meze. Inamjibu hata mwenye hofu ya uchafu. Hakuna anayetia mkono wala kijiko alichokwisha kukitia mdomoni katika bakuli la katikati. Kuna kijiko cha kupakulia, kuna kisahani cha kila mtu, kuna maji na sabuni kabla ya kuketi. Hata hivyo chakula kiko katikati, na macho ya watu yako katikati, na lazima useme na mwenzako ili bakuli lisogee.

Najua wenye hoteli wana sababu. Bei ya kwao imewekwa kwa kichwa: sahani moja, pesa hii. Wakiruhusu kugawana, watu watatu watajaza sahani moja na mwenye hoteli atafunga biashara. Nawaelewa. Lakini tatizo hilo wamejitengenezea wenyewe kwa kuuza sahani badala ya kuuza chakula. Pale kwa Wagiriki hakuna aliyeogopa kwamba tutamwibia, kwa sababu kila kibakuli kina bei yake. Wakila wawili au wakila sita, vibakuli vimelipiwa. Bili yetu ilikuwa 246,000. Kwa mwalimu ni pesa nyingi, nisidanganye, nisingeweza bila mchango wa miezi saba. Sababu mojawapo ni kwamba zeituni, feta na huyo pweza vyote vimesafiri kutoka mbali. Eshabwe haijasafiri. Malewa yanashuka Mbale kwa lori. Mukene anatoka hapo ziwani.

Hebu mwenye hoteli wa Wandegeya au wa Ntinda afikirie meza ya watu wanne namna hii. Bakuli la firinda. Kibakuli cha eshabwe. Malewa ya karanga. Nakati, ile mboga ya majani, iliyopikwa na nyanya, na katunkuma, vile vibiringanya vichungu, kidogo kwa wanaoipenda. Mukene wa kukaanga mkavu. Odii ya Waacholi, ile karanga na simsim iliyosagwa pamoja, na viazi vitamu vya kuchovya. Gonja, ile ndizi tamu, ya kuchoma. Kalo, ugali wa ulezi, katika kikapu chake chenye mfuniko, ibaki na moto. Halafu katikati, mwishoni, luwombo moja kubwa, ifunguliwe mbele ya wageni wote ili mvuke uwafikie kwa pamoja. Vyakula hivi vyote vipo Kampala. Nimevila vyote, lakini kila kimoja mahali pake na siku yake, na sijawahi kuviona vimeketi meza moja. Mgisu wa Mbale hali eshabwe kwa sababu hajui aipate wapi. Mnyankole amepita Mbale mara kumi bila kuonja malewa. Tuna nchi nzima ya vibakuli na tumeirundika katika sahani ya matoke na wali.

Wagiriki walilitetea jambo hili kwa nguvu. Mwaka 2010 wao pamoja na Italia, Hispania na Moroko waliuandikisha ulaji wa nchi za Mediterania UNESCO kuwa urithi wa utamaduni, na mwaka 2013 Cyprus, Kroatia na Ureno zikaongezwa. Urithi huo hauhusu mapishi peke yake, kula pamoja kumetajwa humo kama msingi wake. Nasi Uganda tunajua njia hiyo, kwani lubugo, nguo yetu ya gome la mutuba, iko katika orodha hiyohiyo tangu 2008. Sisemi tukimbilie UNESCO. Tuanze na kushusha kibao ukutani.

Mwisho wa jioni ile lilibaki jani moja la mzabibu kwenye sahani. Hakuna aliyelichukua. Wa Mbale akalisukuma kwangu, nikalisukuma kwa wa Namungoona, naye akalisogeza kwa wa Bushenyi, lilizunguka hivyo hadi mhudumu akaja na bili. Wa Bushenyi ndiye aliyelila, sisi watatu tukimtazama. Pesa zilizobaki, 34,000, tulimpa wa Mbale nauli ya basi.

Shule zikifungwa Desemba tutakutana tena, na safari hii tunataka chakula cha kwetu. Mchango tumeshauanza. Kama kuna hoteli Kampala iliyo tayari kutuwekea watu wanne meza ya vibakuli, kwa bei ya vibakuli, tafadhali itangaze katika ukurasa huu, nitaisoma. Isipopatikana, tutakula Bombo kwa mama, kwenye sinia, na wa Bushenyi ameshasema eshabwe ataileta mwenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili,
Bombo, Luweero